JESHI LILILOZIKWA PAMOJA NA MTEMI: MAISHA YA MIRAMBO WA URAMBO

Katika lugha ya Kinyamwezi, sukuma ni upande wa kaskazini, na dakama ni upande wa kusini. Basi Msukuma wa Mkula, katika mkoa wa Simiyu, na Mnyamwezi wa Urambo, katika mkoa wa Tabora, ni ndugu waliopewa majina kwa kufuata dira tu. Lugha zao zakaribiana na mila zao zafanana. Kwa ajili hiyo habari za Mtemi Mirambo, aliyefariki tarehe 2 Desemba 1884, si habari za ugenini kwa wakulima na wafanyakazi wa Mkula na Bariadi. Ni habari za nyumbani, nazo zafaa kusomwa upya, maana ndani yake mna jibu la swali ambalo kila taifa hulazimika kujiuliza: jeshi hutengenezwa na nini, na tena hubomolewa na nini?

Watu wa upande huo hawakujifunza swali hilo vitabuni. Hapo kale, mbuga za mashariki zilipokuwa njia ya wavamizi wa ng'ombe, Wasukuma walizungushia miji yao maboma ya minyaa. Katika mwaka 1982, wizi wa mifugo na mauaji yalipozidi, wanavijiji wa pande za Kahama na Nzega walianzisha sungusungu, nao ukaenea Usukuma nzima: mwano ukipigwa, kila mwanamume hutoka na upinde wake. Ndiyo kusema kwamba ulinzi hufuata hatari. Hatari ikibadilika, namna ya kujilinda nayo hubadilika. Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza, na maisha ya Mirambo yaithibitisha.

Mirambo alizaliwa kiasi cha mwaka 1840 katika ukoo wa watemi wa Uyowa, utemi mdogo ulioko magharibi ya Tabora. Jina lake la utotoni lilikuwa Mtyela, na baba yake alikuwa Kasanda. Jina la Mirambo alilipata baadaye, nalo ni jina la vita, maana yake maiti. Zamani hizo Unyamwezi haukuwa dola moja. Ulikuwa umegawanyika katika temi nyingi ndogo ndogo, na kila mtemi alikuwa zaidi mlinzi wa mvua na mavuno kuliko amiri wa vita. Miiko mingi ilimfunga. Vita vikitokea, waliitwa wakulima, wakapigana kwa siku chache, kisha wakarudi kushika majembe yao. Kwa ugomvi wa majirani wawili, mpango huo ulitosha.

Lakini mambo mawili yaliuvunja. La kwanza lilikuwa biashara ya misafara. Kufikia katikati ya karne ya 19, Waarabu na watu wa pwani walikuwa wamekwisha kuufanya mji wa Tabora kituo kikubwa cha pembe za ndovu na watumwa. Wanyamwezi kwa maelfu walikuwa wapagazi katika njia ya kwenda pwani, na huko waliona dunia, wakaona bunduki, wakarudi nazo. La pili lilikuwa kuja kwa Watuta, tawi la Wangoni lililotoka kusini ya mbali na kufanya makao kaskazini magharibi ya Unyamwezi. Watuta walikuwa na mkuki mfupi wa kuchomea kwa karibu, na walikuwa na desturi ngeni: kijana wakimteka hawakumwua, bali walimtia katika vikosi vyao, na baada ya muda mfupi yeye naye alikuwa mpiganaji wao.

Watemi wengi waliyaona mambo hayo mawili wakaogopa. Mirambo aliyaona akajifunza. Kwa Watuta alichukua namna ya kumgeuza mateka kuwa askari, na mwendo wa haraka wa kumfikia adui asipotazamia. Kwa watu wa pwani alichukua gumegume na baruti. Akaviunganisha, na kutoka hapo likazaliwa jeshi ambalo bara hili la ndani lilikuwa halijapata kuliona. Hawakuwa wakulima wanaongoja kurudi mashambani. Walikuwa rugaruga, vijana wasiooa, wengi wao mateka, watoro na watu waliopoteza jamaa zao katika misukosuko ya biashara ya watumwa. Hawakuwa na ukoo wa kuwaita nyumbani. Ukoo wao ulikuwa kambi, na baba yao alikuwa Mirambo.

Naye mwenyewe aliivunja desturi ya watemi ya kukaa bomani vita vikipiganwa. Alikwenda mbele pamoja na vijana wake. Wageni waliomtembelea walitazamia kumwona mtu wa kutisha, wakashangaa kumkuta mtu mpole wa sauti, asiyejipamba, mwenye kusikiliza kwanza ndipo aseme. Kwa miaka michache tu baada ya kushika utemi wa Uyowa, alikwisha kuziunganisha temi za jirani, nyingine kwa vita na nyingine kwa mapatano, akaujenga Urambo kuwa makao ya dola mpya.

Hapana budi hapa kutazama upande wa fedha, maana hakuna jeshi lisilokula. Miaka kiasi cha kumi kabla ya vita kuu vya Mirambo, wafanyabiashara wa Tabora walikuwa wamemwondoa Mtemi Mnywa Sele wa Unyanyembe kwa sababu alithubutu kuwatoza ushuru, wakamweka Mkasiwa mahali pake. Somo la jambo hilo lilikuwa wazi: mtemi asiye na jeshi hawezi kutoza ushuru, na asiyetoza ushuru hawezi kuwa na jeshi. Mirambo alikaa juu ya njia ya kutoka Tabora kwenda Ujiji. Akadai hongo kwa kila msafara, na mali hiyo ikarudi kwake kwa sura ya baruti na bunduki.

Ugomvi ukapasuka katika mwaka 1871. Mirambo aliifunga njia ya Ujiji, na Waarabu wa Tabora wakakusanya jeshi la watu zaidi ya elfu mbili kwenda kumwadhibu. Miongoni mwao alikuwamo Henry Stanley, mwandishi wa gazeti aliyekuwa akimtafuta David Livingstone, naye alidhani kwamba vita hivyo vitakwisha kwa siku chache. Mnamo Agosti kikosi kimoja kikiongozwa na Soud, mwana wa Said bin Majid, kiliushambulia mji wa Wilyankulu na kuuteka kwa urahisi. Askari wakajitwika pembe na vitu vya thamani, wakafunga mateka, wakashika njia ya kurudi. Mirambo hakuwa amekimbia. Alikuwa amejificha na watu wake katika majani marefu ya kando ya njia, akingoja mpaka adui awe na mzigo kichwani badala ya bunduki mkononi. Soud akauawa pamoja na wengi wa watu wake, na waliosalia wakatawanyika. Kabla ya mwezi kwisha Mirambo aliingia Tabora penyewe, Khamis bin Abdulla, mmoja wa wakuu wa Waarabu, akauawa, na sehemu ya mji ikateketezwa. Stanley alilazimika kuzunguka kusini kwa njia ndefu ndipo akafika Ujiji.

Vita hivyo viliendelea kwa miaka kadhaa. Sultan Barghash alipeleka askari kutoka Unguja, nao hawakufua dafu. Njia ilipozibika, bei ya pembe ilipanda huko pwani, na wakubwa wa biashara wakafahamu kwamba mtu mmoja wa bara aweza kuitikisa forodha ya Unguja. Kiasi cha mwaka 1875 wakafanya suluhu.

Hapo Mirambo alionyesha kwamba alijua jambo ambalo majemadari wengi hawalijui: ulinzi wa nchi hauishii kwenye mtutu wa bunduki. Mwaka 1876 alikutana na Stanley, adui yake wa jana, wakachanjiana undugu wa damu. Stanley akamlinganisha na Napoleon wa Ufaransa. Alijipatanisha na Tippu Tip, tajiri mkubwa wa pembe. Mwaka 1879 alimkaribisha Urambo Daktari Ebenezer Southon, mmisionari Mwingereza, aliyekaa huko mpaka alipofariki mwaka 1882. Aliandikiana barua na balozi wa Uingereza huko Unguja, John Kirk. Katika yote hayo alitafuta kitu kimoja: njia yake mwenyewe ya kufika pwani na kupata silaha, isiyopita mikononi mwa Tabora. Nchi inayonunua baruti yake kwa adui yake imekwisha kushindwa kabla ya risasi ya kwanza.

Lakini mwaka 1880 jengo hilo lilipata ufa. Waingereza wawili, Carter na Cadenhead, waliokuwa katika kazi ya jumuiya iliyoanzishwa na mfalme Leopold wa Ubelgiji, waliuawa huko Mpimbwe, katika mji ulioshambuliwa na majeshi ya Mirambo na wenzake. Tangu hapo balozi wa Uingereza alimgeuzia mgongo, na matumaini ya kupata njia ya pwani yakafifia. Zaidi ya hayo, Isike, aliyekuwa mtemi wa Unyanyembe tangu mwaka 1876, alikuwa na nguvu kuliko Mkasiwa aliyemtangulia, na wawili hao, Wanyamwezi kwa Wanyamwezi, waliendelea kuumizana. Mirambo akaanza kuugua koo. Vita vikiwa bado havijaisha, akafariki tarehe 2 Desemba 1884.

Tarehe hiyo yafaa kushikwa vizuri. Mwezi huo huo, Karl Peters alikuwa Usagara akikusanya mikataba ya hila kwa ajili ya Ujerumani. Mwezi huo huo, wakubwa wa Ulaya walikuwa wamekaa Berlin wakipanga masharti ya kuigawana Afrika. Saa ile ambayo nchi ya bara ilihitaji ukuta kuliko wakati wowote, ukuta wake mkubwa ulianguka.

Nao ulianguka kwa namna ya kusikitisha. Ndugu yake Mpandoshalo alirithi kiti, lakini hakuweza kurithi jeshi. Watemi waliokuwa wametiishwa wakajitenga mmoja mmoja. Rugaruga wengine walitafuta bwana mwingine wa kuwapa chakula na nyara, wengine wakawa wanyang'anyi tu. Mpandoshalo mwenyewe aliuawa vitani baada ya miaka michache. Wajerumani walipofika Tabora katika mwaka 1890, Urambo ulikwisha kuwa utemi mmoja miongoni mwa nyingi, nao ulitafuta hifadhi kwa mgeni ili ujiokoe na majirani. Isike akabaki kupigana peke yake. Januari 1893, boma lake lilipovunjwa, aliilipua ghala yake ya baruti akiwa ndani. Kaka wawili waliokataa kusaidiana wakati wa uzima, nchi yao ikachukuliwa na mtu wa tatu.

Kwa nini dola iliyowatetemesha Waarabu na kumnyima Sultani usingizi ikavunjika kwa upesi hivyo? Si kwa uhaba wa bunduki, wala si kwa uhaba wa mashujaa. Sababu ni tatu, na kila moja ilikuwamo ndani ya nguvu yenyewe.

Kwanza, askari walikuwa wa Mirambo, hawakuwa wa nchi. Kijana aliyetekwa na kulelewa kambini alimjua mtu mmoja tu. Mtu huyo alipoondoka, kiapo kikaondoka naye. Pili, jeshi hilo halikuwa na mshahara ila nyara. Jeshi linalokula nyara haliwezi kupumzika, maana amani kwake ni njaa, na kila vita iliyowalisha rugaruga ilimwacha mkulima fulani bila ghala. Tusimpambe Mirambo kwa sifa tupu: miji ilichomwa, watu walitekwa na kuuzwa, na mzigo wa utukufu wake ulibebwa na wanawake na watoto ambao hakuna aliyeandika majina yao. Tatu, watemi aliowashinda hakuwafanya washirika wenye baraza na sauti. Walimtii kwa hofu, na hofu haina mrithi.

Tuwatazame wengine tulinganishe. Shaka wa Wazulu aliuawa na ndugu zake mwaka 1828, lakini vikosi alivyoviimarisha vilikuwa vikosi vya rika, na kila kijana wa nchi alikuwa na mahali pake humo. Kwa ajili hiyo vilidumu baada yake, na miaka 51 baadaye, tarehe 22 Januari 1879, vikosi vya namna hiyo hiyo viliwashinda Waingereza huko Isandlwana. Hapa kwetu, Munyigumba wa Uhehe alipofariki, palikuwa na ugomvi wa urithi, lakini nguvu ya Wahehe haikutawanyika. Mwanawe Mkwawa aliishika, na tarehe 17 Agosti 1891 aliliangamiza jeshi la Zelewski huko Lugalo. Ndiyo, mwishowe wote hao walishindwa na mizinga na bunduki za rashasha. Lakini walisimama wakamlazimisha mgeni alipe. Urambo haukusimama.

Mbali na Afrika habari ni ile ile. Prussia ilipopigwa na Napoleon huko Jena mwaka 1806, wakuu wake walifahamu kwamba askari wa kulazimishwa kwa kiboko hawezi kushindana na raia anayepigania nchi yake, na mwaka 1814 sheria ikaweka utumishi wa jeshi kwa wananchi wote. Japani iliona manowari za Marekani katika ghuba yake mwaka 1853. Miaka 20 baadaye, mwaka 1873, sheria ya kuwaandikisha jeshini vijana wa kila tabaka ilitangazwa, na fahari ya watu wachache waliozaliwa kushika upanga ikafikia mwisho. Ethiopia, chini ya Menelik, ilinunua bunduki kwa mataifa mengi yaliyoshindana, ikawaita watu wa majimbo yote, na tarehe 1 Machi 1896 ikawashinda Waitalia huko Adwa. Kila moja ilikuwa na hatari yake, fedha yake na mila zake, ndiyo maana mageuzi yao hayakufanana kwa sura. Lakini katika zote tatu jeshi lilijengwa juu ya watu wengi wa nchi, si juu ya kundi la mtu mmoja.

Tanganyika ililazimika kujifunza somo hilo mapema. Wakati wa uhuru ilirithi jeshi la mkoloni, lenye jina jipya la Tanganyika Rifles na maofisa wengi wa Kiingereza. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa Dar es Salaam waliasi kwa ajili ya mishahara na vyeo, na maasi yakaenea hata Tabora, mji ule ule ambao Mirambo alikuwa ameupiga. Serikali ililazimika kuwaomba Waingereza wayazime, jambo chungu kwa taifa lenye umri wa miaka miwili tu. Baada ya hapo jeshi la zamani lilivunjwa, vijana wakatafutwa nchini kote, wengi wao kutoka katika umoja wa vijana wa TANU, na tarehe 1 Septemba 1964 Jeshi la Wananchi likaanzishwa. Jina lenyewe lilikuwa ni siasa ya ulinzi kwa maneno mawili. Vita vya Kagera vilipozuka mwaka 1978, mgambo wa vijijini na mijini waliitwa kuungana na askari, na nchi haikuuliza huyu ni wa ukoo gani wala amelelewa katika kambi ya nani.

Kipimo kigumu zaidi, ndicho kile alichoshindwa Mirambo, ni siku ya msiba. Tarehe 17 Machi 2021 Rais John Magufuli alifariki akiwa madarakani, jambo ambalo halijapata kuwapo katika historia ya Muungano. Siku mbili baadaye, Makamu wake, Samia Suluhu Hassan, aliapishwa kwa mujibu wa Katiba, akakagua gwaride la heshima, na jeshi likampigia saluti Amiri Jeshi Mkuu mpya. Mkulima wa Mkula aliendelea na pamba yake. Hakuna mwano uliopigwa. Jambo linaloonekana dogo hivyo ndilo jambo ambalo Urambo wa 1884 ulilikosa, na kwa kulikosa ukapotea.

Ndugu wanachama na wafanyakazi, Mirambo ana haki ya heshima tunayompa. Mtaa wenye jina lake uko katikati ya Dar es Salaam, na Urambo ni wilaya. Alithibitisha kwamba Mwafrika wa bara aweza kuona mapya, akayachagua, akayaunganisha, akawashinda wenye mali na silaha. Hilo tulichukue. Lakini tuchukue pia upande wa pili. Bunduki mpya, kambi nzuri na kiongozi hodari ni vitu vyema, lakini havitoshi. Yapasa askari alipwe kwa kodi ya halali wala asiachwe ajitafutie kwa raia. Yapasa kiapo chake kiwe kwa nchi na sheria wala si kwa mtu. Na yapasa kijana wa kila mkoa, tangu Simiyu hata Mtwara, aione nafasi yake katika ulinzi. Na sisi raia tuna wajibu wa kuyauliza mambo hayo wazi wazi wakati wa amani, kwa kuwa siku ya msiba hakuna nafasi ya kuuliza.